Mlangoni pa mateniti: nani anaingia na mama?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uvute kiti. Kama mume yuko karibu, muite naye akae, maana mazungumzo ya leo yanamhusu.

Leo nataka tuzungumze juu ya mwanamke mmoja. Huyu si daktari, si mkunga, wala si muuguzi. Kazi yake ni kukaa na mama. Anakuwa naye tangu mimba ikiwa kubwa, anaingia naye chumba cha kujifungulia, hamwachi mpaka mtoto atoke, kisha anamfuata nyumbani siku zile za mwanzo. Huko Ulaya na Marekani wanamwita dula, na wapo wanaosomea kazi hiyo na kulipwa. Mimi leo nitamwita msindikizaji, tuelewane wote.

Nianze na swali. Mara ya mwisho mwanamke wa nyumbani kwenu aliposhikwa na uchungu, nani aliingia naye ndani? Siulizi nani alitafuta teksi, wala nani alibeba beseni, thermos na vitenge. Nauliza nani aliingia naye ndani, akasimama kando ya kitanda chake, akakaa mpaka mwisho?

Nadhani wengi mnajibu: hakuna. Tulimfikisha mlangoni, wakampokea, tukaambiwa tusubiri. Mama mkwe akakaa kwenye benchi nje. Dada akakaa naye. Usiku kucha wanasikia sauti, hawajui ni sauti ya nani. Na kule ndani yumo binti wa miaka ishirini, mimba yake ya kwanza, kazungukwa na watu asiowajua, mkunga anakimbilia kitanda hiki na kile. Mkunga huyo simlaumu. Ana kina mama wengi na mikono miwili tu.

Tulifikaje hapa? Hebu tukumbushane. Watu wazima mnaikumbuka miaka ambayo mama akijifungua hospitali bila pesa, alizuiliwa humo humo mpaka jamaa walipe. Mwaka 2006 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya wagonjwa maskini waliokuwa wanashikiliwa katika hospitali za Burundi, na wengine walikuwa kina mama waliopasuliwa ili mtoto atoke. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, serikali ikatangaza kwamba kujifungua katika vituo vya umma ni bure, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Kina mama wakaja kwa wingi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta watoto kama sita katika kila kumi wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2016 na 2017 ulikuta wamepita wanane katika kumi. Na vifo vya kina mama vikapungua.

Hilo ni jambo jema. Narudia, wasikilizaji, ili asije mtu akasema nimewaambia wanawake wazalie nyumbani: kwenda kujifungulia kwa muganga, yaani hospitali au kituo cha afya, ni jambo jema, na anayevuja damu usiku wa manane atasaidiwa pale penye dawa, penye damu ya kuongezwa na penye mtu aliyesomea. Lakini tulipohamisha uzazi kutoka nyumbani kwenda mateniti, yaani wodi ya uzazi, kuna kitu tulikisahau njiani. Nyumbani mama alikuwa na wanawake wake. Bibi alikuwapo, shangazi alikuwapo, jirani aliyezaa mara sita alikuwapo. Tulimhamisha mama, wale wanawake tukawaacha nje kwenye benchi.

Sasa mtu ataniuliza: wewe, huyo wa kukaa tu na kushika mkono, anasaidia nini? Si ni faraja tu?

Sikilizeni kisa cha Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati. Madaktari wawili wa watoto kutoka Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, pamoja na wenzao wa huko, walifanya kazi katika hospitali moja ambako kina mama walijifungua peke yao, kama wa kwetu. Wakachukua kina mama wa mimba ya kwanza. Baadhi wakaachwa kwa utaratibu wa kawaida. Wengine wakapewa mwanamke wa kukaa nao, ambaye hawakuwahi hata kumwona kabla ya siku hiyo. Hakuwapa dawa. Aliwasugua mgongo, akawashika mkono, akazungumza nao, hakuondoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Kwa wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa peke yao walikaa na uchungu kama saa kumi na tisa tangu wapokelewe. Waliokuwa na mtu, kama saa tisa. Saa kumi za uchungu zimepungua kwa sababu ya mtu aliyekaa!

Na haikuishia Guatemala. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio ya aina hiyo kutoka nchi 17, yenye zaidi ya wanawake elfu kumi na tano. Wakaona mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote anazaa kwa njia ya kawaida zaidi, anapasuliwa mara chache zaidi, uchungu wake unakuwa mfupi, na anatoka na kumbukumbu nzuri ya siku ile. Mwaka uliofuata, 2018, Shirika la Afya Duniani likaandika katika mapendekezo yake kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu na wa kujifungua. Aliyemchagua mwenyewe. Kumbukeni maneno hayo, nitayarudia.

Na msidhani lazima awe mtu wa diploma. Huko Botswana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, aliyeingia na mama alikuwa ndugu yake wa kike. Mama, dada, shangazi. Na hao hao wakaleta faida: dawa za kuongeza uchungu zilihitajika kidogo, na waliozaa bila kusaidiwa na vyombo wakawa wengi zaidi. Shangazi wa Botswana na shangazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wana tofauti gani?

Kwa nini inakuwa hivyo? Hofu. Mwili wa mama una kichocheo kinachoubana mfuko wa uzazi, na kichocheo hicho hakipatani na hofu. Mama akiogopa, mwili unamwaga kile cha kukimbia hatari, moyo unakwenda mbio, misuli inakakamaa, na uchungu unaweza kulegea au kuuma sana bila kufungua njia. Mama akitulia, kazi inaendelea. Bibi zetu hawakusoma vichocheo, ila walijua kumtuliza mtu.

Tuje sasa karibu na nyumbani. Hapa hapa kwenye ziwa letu la Tanganyika, upande wa Tanzania, Kigoma. Kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai pamoja na serikali ya huko walijaribu jambo hili katika vituo vya serikali, hospitali na vituo vya afya, vyenye msongamano kama vya kwetu. Mama aliruhusiwa kuingia na msindikizaji. Na wengi wa waliojifungulia katika vituo hivyo walikuwa na mtu kando yao. Nimewatajia Kigoma makusudi, kwa sababu ukisema Ulaya mtu anajibu, wale wana pesa. Kigoma tunaijua. Samaki ni wale wale, barabara ni zile zile, na pochi ni zile zile. Wameweza.

Basi tuseme umepata msindikizaji. Kazi yake inaanza lini?

Inaanza kabla. Mimba ikifika mwezi wa saba hivi, anakwenda na mama CPN, yaani kliniki ya wajawazito, anasikia yale muganga anayosema, anajua kilichoandikwa kwenye daftari lake. Wanapanga watajifungulia wapi. Kama mama alishapasuliwa, au ana mapacha, au damu yake inapanda, asiende kituo kidogo kisichoweza kumpasua. Apange mapema na hospitali inayoweza: Prince Régent Charles, Kamenge, Prince Louis Rwagasore, au nyingine atakayoelekezwa. Wanapanga pia usafiri, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mnajua petroli inavyoweza kukosekana. Mnajua magari yanavyoweza kulala kwenye foleni ya mafuta. Usingoje saa nane za usiku ndipo uanze kugonga kwa dereva. Ongea na madereva wawili, watatu, kila mmoja ajue tarehe. Wale mlio kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, tengeni fungu dogo kwa ajili ya safari ya mateniti. Hilo nalo ni kusindikiza.

Halafu usiku wenyewe unafika.

Msindikizaji mzuri anafanya mambo madogo madogo, mfululizo. Anamtembeza mama taratibu ukumbini ikiwa muganga ameruhusu, kwa sababu kusimama na kutembea kunasaidia mtoto kushuka, na kulala chali muda wote hakufai. Anampa maji kidogo kidogo, au chai, ikiwa hakuna katazo. Anamkumbusha kwenda haja ndogo kila baada ya muda, maana kibofu kikijaa kinazuia njia, na mwenye uchungu husahau. Anachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, anakiweka kiunoni. Uchungu ukija, anakandamiza kwa kiganja pale chini ya mgongo, kwa nguvu, mpaka upite. Anapumua naye. Pumua nami mama. Toa polepole. Huo umepita. Haurudi huo, unakuja mwingine.

Na maneno yake anayachunga. Hasemi, mbona fulani alizaa haraka. Hasemi, nyamaza, unatutia aibu. Wasichana wetu wengi wameambiwa tangu wadogo kwamba kulia wakati wa kuzaa ni udhaifu. Msindikizaji anamwambia, ukitaka kulia lia, mimi nipo. Mkunga akija kupima, anamwambia mama kwa lugha yake kinachofanyika. Na mama akiwa na swali ila anaona haya, anamuulizia kwa adabu. Mnajua, mara nyingi mgonjwa mwenye mtu kando yake huzungumziwa kwa heshima zaidi. Hilo lisingepaswa kuwa hivyo. Lakini ndivyo lilivyo, na binti asiye na mume, anayefika peke yake na kuulizwa maswali ya kumuumiza, ndiye anayehitaji mtu kuliko wote.

Kuna wengine wanaomhitaji sana. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Kongo walivuka mto Rusizi wakikimbia vita. Miongoni mwao walikuwemo wajawazito, na wengi lugha yao ni Kiswahili, Kirundi hawakijui. Jiweke mahali pake: uchungu umekushika, unaambiwa sukuma au usisukume, na hujui umeambiwa lipi. Wanawake wa Buyenzi wanazungumza lugha zote mbili tangu utotoni. Mmoja wao akisimama pale, mama wa Kongo amepata masikio na mdomo. Nawaomba wakuu wa mateniti zetu walifikirie hili.

Sasa niseme asichofanya msindikizaji, na hapa sitazungukazunguka. Haingizi mkono kumpima mama. Hasukumi tumbo. Hampi majani, mizizi wala dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, hata kama bibi yake aliitumia. Dawa hizo zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu kupita kiasi, ukapasuka, na mama na mtoto wakafa. Haamui kwamba mama apasuliwe au asipasuliwe. Akiona damu nyingi, degedege, au mama anazimia, kazi yake ni moja: anaita, na anaita kwa sauti.

Nawaheshimu sana wazee wetu waliokuwa wanazalisha vijijini na mitaani. Walibeba kazi hii wakati hapakuwa na mwingine. Wengi wao wana mikono ya upole na maneno ya kutuliza ambayo shuleni hayafundishwi. Naamini nafasi yao leo ni hii ya kusindikiza, baada ya kufundishwa mipaka yake. Tusiwatupe. Na abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na kujua ni nani ana mimba, wao wanaweza kuwaunganisha wazee hao na kina mama.

Najua wakunga mnaosikiliza mnasema, maneno matamu hayo, lakini chumba changu ni kidogo, vitanda vimebanana, na mama wa kitanda cha pili hataki kuonekana. Mna haki kabisa. Basi tuanze na pazia. Kamba na kitenge kati ya kitanda na kitanda. Mama mmoja, msindikizaji mmoja, mwanamke, amenawa mikono, amezima simu, hapigi picha. Anatoka mkunga akimwambia toka. Palipo na nafasi ya faragha, na mume aingie, mama akimtaka. Nilisema nitarudia: aliyemchagua mwenyewe. Mama mkwe akitaka kuingia na mama hamtaki, si mama mkwe anayeamua. Samahanini kina mama wakwe, lakini siku hiyo si yenu.

Mtoto amezaliwa. Je, kazi imekwisha? Hapana, wasikilizaji. Na hapa ndipo tunapokosea zaidi mjini.

Saa za kwanza, msindikizaji haendi kupiga simu za hongera. Anakaa. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua kina mama wengi zaidi, na hutokea hasa siku ile ile ya kwanza. Anatazama kitambaa. Kikilowa haraka haraka, anaita. Anasaidia mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza yale maziwa mazito ya manjano. Yasimwagwe. Ndiyo chanjo yake ya kwanza. Maji ya sukari hayahitajiki.

Kisha nyumbani. Warundi tuna ikiriri, na kwa Waislamu wa Buyenzi kuna arobaini. Mila nzuri hizi! Zinasema mzazi apumzike, apikiwe, ahudumiwe. Lakini tazameni jijini inavyokuwa. Mama wa chumba kimoja Kinama, mume yuko kazini, bibi yuko Ngozi au Rutana, siku ya tatu mzazi anachota maji na kufua. Halafu wageni wanakuja kuhemba, yaani kumletea mzazi zawadi, wanajaa, wanakaa mpaka usiku, na yeye ndiye anayewachemshia chai! Msindikizaji anasimama mlangoni hapo pia. Karibuni, mzazi amelala, acheni zawadi, rudini kesho. Ukienda kumwona mzazi, beba uji wa Musalac, ndagala, lengalenga, na uoshe vyombo kabla hujaondoka.

Neno juu ya maji ya moto. Kumkanda mzazi kwa kitambaa cha vuguvugu kunampa raha, sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni yale maji yanayochemka, ya kumkalisha au kumpiga nayo tumboni. Yanaunguza, na mwenye kidonda cha upasuaji yanamharibia. Mfuko wa uzazi unarudi wenyewe, na mtoto akinyonya unarudi upesi.

Mrudisheni kwa muganga bila kungoja asubuhi mkiona haya: damu inayozidi badala ya kupungua, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akiwa wa moto sana au wa baridi, twendeni naye.

Na lipo lingine ambalo kina bibi wachache hulitaja. Siku za mwanzo mzazi anaweza kulia bila sababu, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Lakini ikipita wiki ya pili na bado halali hata mtoto akilala, hali chakula, hataki kumtazama mwanawe, au anasema bora nisingekuwepo, huyo ni mgonjwa. Hajarogwa, si mvivu, na si kwamba hampendi mtoto. Msimwambie, mbona wenzako wanatamani mtoto hawapati. Msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, mmoja wenu akae naye ndani wakati anazungumza na muganga, kama atapenda.

Waume, nyie nimewaachia ombi moja. Mkeo akiwa na mimba ya miezi saba, muulize leo usiku: siku ile, ungependa nani awe nawe? Akikutajia jina, nenda kamuone mtu huyo mwenyewe, umuombe rasmi. Halafu siku ya CPN ulizeni pamoja pale kituoni: je, mtu huyu ataruhusiwa kuingia? Wakisema hapana, ulizeni kwa upole nini kinakosekana. Kama ni pazia, pengine kikundi chenu kinaweza kulinunua.

Muda umetuishia. Kipindi kijacho, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya mama anayerudi sokoni au ofisini na bado ananyonyesha.